Noh, Kabuki, Bunraku na filamu za Kijapani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

## Kwanza tujue tunaongelea nini

Noh, Kabuki, Bunraku, si zote ni maigizo ya Kijapani tu? Tofauti iko wapi?

Ni maigizo ndiyo, ila ukienda Noh ukitegemea Kabuki utalala, na ukienda Kabuki ukitegemea utulivu utashtuka na makelele. Noh ndiyo kongwe, ilikaa sawa karne ya 14 mikononi mwa Kan'ami na mwanawe Zeami, ambao shoguni (mtawala wa kijeshi) Ashikaga Yoshimitsu aliwapenda akawabeba, kwa hiyo ni sanaa iliyolelewa na wakubwa: mwigizaji mkuu mara nyingi amevaa kinyago, jukwaa karibu tupu, nyuma kuna msonobari mmoja umechorwa ukutani na basi. Kabuki inahesabiwa kuanza 1603 kule Kyoto na mwanamke anaitwa Izumo no Okuni, akicheza karibu na mto Kamo, na hiyo ilikuwa burudani ya watu wa mjini, rangi, mapenzi, visasi, watu wanapayuka ukumbini. Bunraku ni vikaragosi vya Osaka, Takemoto Gidayu alifungua ukumbi wake 1684 na mwandishi aliyeipa nguvu ni Chikamatsu Monzaemon.

Kinachoziunganisha zote tatu, na ndicho kitakachojirudia huku chini, ni kwamba hisia haiachiwi uso wa mwigizaji peke yake. Inahamishwa, inapelekwa kwenye pembe ya kichwa, kwenye sauti ya mtu mwingine aliyekaa pembeni, kwenye nguo, kwenye kimya. Madairekta wa filamu walikuta hiyo kazi imeshafanyika miaka mia kadhaa kabla yao, wakaiingiza kwenye kamera.

Mbona Noh iko taratibu vile, mtu anachukua muda wote ule kufika tu katikati ya jukwaa?

Kwa sababu kule kutembea ndiko kuigiza kwenyewe. Mwigizaji hanyanyui nyayo, anaziburuza sakafuni na soksi zake nyeupe, kiuno kimeshuka, kichwa hakitikisiki, na anatokea kwenye daraja refu upande wa kushoto wa watazamaji lenye misonobari mitatu midogo pembeni yake. Wahusika wengi wa Noh ni watu waliokufa na jambo moyoni, wanarudi kulisema, kwa hiyo lile daraja mara nyingi ndiyo njia ya kutoka huko walikokwenda. Mzuka ukija mbio mbio unakuwa kichekesho. Ukija taratibu unapata muda wa kumwogopa na baadaye kumwonea huruma.

Na si kweli kwamba iko taratibu mwanzo mwisho. Kuna utaratibu wanaita jo-ha-kyu, unaanza polepole, unavunja, unamalizia kwa kasi, na unatumika kwenye programu ya siku nzima, kwenye igizo moja, hadi kwenye wimbo mmoja. Wengi wanaolalamika wameacha kuangalia kabla ya sehemu ya kasi, ngoma zikishapanda na mwigizaji akaanza kukanyaga ile sakafu (kwenye majukwaa ya zamani chini yake waliweka mitungi mikubwa ya udongo ili mlio uvume) huwezi tena kusema ni mchezo wa kulala.

Kinyago hakibadiliki, sasa unajuaje mhusika kafurahi au ana huzuni?

Kinyago cha Noh kinachongwa kwa mbao ya hinoki, ni kidogo kuliko uso wa mvaaji, kidevu chake cha kweli kinabaki nje na hakuna anayejali. Cha msichana mchongaji anakifanya makusudi kisiwe kimecheka wala kimelia, kiko katikati pale. Mwigizaji akikiinua kidogo, mwanga unapita usoni na mdomo unaonekana kama unatabasamu, wanaita terasu. Akikiinamisha, kivuli kinashuka machoni, uso unaingia wingu, hiyo ni kumorasu. Tunaongelea kusogea kidogo mno, ndiyo maana mwigizaji mbovu anayetikisa kichwa hovyo anaua kinyago papo hapo, kinabaki kipande cha mbao.

Kulia ndiyo hivi: mkono unapanda taratibu mpaka mbele ya macho, vidole vimenyooka pamoja, na hata hauugusi uso. Unakaa pale. Unashuka. Hakuna kwikwi, hakuna mabega kutikisika. Na wakati huo watu kama wanane waliokaa pembeni ya jukwaa wanaimba yale aliyonayo moyoni, yaani maneno yake yako midomoni mwa wengine.

Kile chenye pembe kinachotisha, hannya, watu wanadhani ni shetani. Ni mwanamke wivu umemgeuza. Kiangalie kikiwa kimeinuliwa utaona hasira na meno, kisha kiangalie kikiwa kimeinama, macho yale yale yanakuwa ya mtu aliyeumizwa vibaya. Hasira na maumivu kwenye mbao moja, na kinachoamua ni shingo.

Nimesikia kuna igizo ambalo mhusika mgonjwa ni nguo tu, ni kweli au utani?

Ni kweli, linaitwa Aoi no Ue. Bi Aoi ni mjamzito na anaumwa, roho ya bi mwingine, Rokujo, inamtesa kwa wivu. Kabla igizo halijaanza mtu anakuja anatandaza kimono kimoja kimekunjwa sakafuni mbele ya jukwaa, anaondoka. Huyo ndiye Aoi. Hana mwigizaji, hasemi neno. Rokujo anakuja, anamsogelea, anaipiga ile nguo kwa upepeo wake wa mkononi, na wewe uliyekaa pale unaona mwanamke anapigwa na hawezi hata kugeuka.

Ukitaka mfano mmoja tu wa ukurasa huu wote chukua huo. Wangeweza kabisa kuweka mwigizaji amelala pale analia, ungemuangalia anavyolia, ungesema kaigiza vizuri au kaigiza vibaya.

## Kabuki na vikaragosi

Kwa nini mwigizaji wa Kabuki anaganda katikati ya tukio na kukodoa macho?

Hiyo ni mie. Hisia ikifika kileleni mwigizaji anazungusha kichwa, anajipanga mikono na miguu, anaganda, mara nyingi jicho moja analivuta ndani, na pembeni mtu anapiga vipande viwili vya mbao kwenye ubao, ta-ta-ta-TA, ili jicho lako liende pale pale. Ukiwaza kisinema hiyo ni klozapu, ile picha ya uso kwa karibu. Ukumbi mkubwa, mtu aliyekaa nyuma kabisa hawezi kuona uso vizuri, hivyo muda unasimamishwa na kelele inamnyooshea kidole.

Na watazamaji wazoefu wanajibu, kutoka juu huko nyuma mtu anapayuka jina la nyumba ya yule mwigizaji, mfano "Naritaya!" kwa ukoo wa Ichikawa Danjuro. Usijaribu kama hujui muda wake, ukichelewa sekunde moja umeharibu.

Zile rangi usoni zina maana au ni urembo tu?

Zina maana. Mistari myekundu ni nguvu, haki, damu inayochemka ya shujaa. Bluu ni mbaya, mwenye roho mbaya au mzuka. Kahawia ni majini na viumbe visivyo binadamu. Mistari inafuata misuli na mishipa ya uso, yaani hasira imechorwa juu ya ngozi kabla mwigizaji hajafungua mdomo.

Kama Kabuki ilianzishwa na mwanamke, mbona wanawake wanaigizwa na wanaume?

Serikali ya shoguni ilipiga marufuku wanawake jukwaani 1629, sababu kubwa ikiwa ukahaba na fujo zilizoambatana na maonyesho. Wakaingia vijana wa kiume, nao wakapigwa marufuku 1652 kwa sababu zile zile. Wakabaki wanaume wazima, na hapo ndipo onnagata, mwanaume anayebobea kuigiza mwanamke, akawa fani kamili. Haigi sauti ya mwanamke fulani, anajenga mwanamke kwa vitu vichache: mabega yamevutwa nyuma na chini, magoti pamoja, mikono imefichwa kwenye mikono ya kimono. Bando Tamasaburo wa 5 ukimwona hata kwenye video unasahau.

Filamu nayo ilirithi hilo, kwenye sinema za mwanzo za Japani wanawake waliigizwa na wanaume hadi kwenye miaka ya 1920 hivi. Baadaye dairekta Ichikawa Kon akalichezea kabisa 1963, kwenye filamu ambayo Hasegawa Kazuo anakuwa onnagata mwenye kisasi na pia mwizi wa mtaani, mtu mmoja nafasi mbili, na kuna sehemu mwizi anamsifia onnagata.

Wale watu wenye nguo nyeusi mpaka usoni wanaoingia wakati igizo linaendelea ni kina nani?

Ni wasaidizi wa jukwaa, kuroko au kurogo. Wanaleta kiti, wanaondoa upanga, wanasaidia kubadilisha nguo, na makubaliano ni kwamba weusi maana yake hayupo. Unamwona lakini humwoni. Kwa hayo makubaliano kuhamia kwenye filamu na kugeuka kitu cha kutisha soma swali la dairekta Shinoda huko chini.

Kikaragosi kinawezaje kumliza mtu mzima?

Hiki hapa. Kikaragosi kimoja kikubwa cha Bunraku kinaendeshwa na watu watatu, mkuu anashika kichwa na mkono wa kulia, wa pili mkono wa kushoto, wa tatu miguu, utaratibu ulioanza 1734. Mkuu mara nyingi hata hajifichi, uso wake uko wazi unauona, ila ni uso mkavu hauna chochote. Pembeni amekaa msimulizi anayetoa sauti zote, za kike, za kiume, za mtoto, na mpiga shamisen wa nyuzi 3. Hisia imegawanywa mafungu: sauti kule, muziki kule, mwili huku mikononi mwa watu watatu, na kichwani mwako ndipo vinapokutana.

Vikaragosi vya kike kwa kawaida havina miguu kabisa. Yule wa tatu anaweka ngumi ndani ya pindo la kimono, anasukuma kitambaa, na wewe unaona magoti yakipiga, unaona mwanamke anasita kisha anakwenda. Na vipo vichwa vyenye kisindano kidogo pembeni ya mdomo, kazi yake ni kunasa mkono wa nguo, kikaragosi kinauma nguo kuzuia kilio. Ukishaona hicho kitu kimoja utaelewa kwa nini stori za Chikamatsu za wapenzi wanaojiua pamoja, ya kwanza maarufu ni ya 1703 kuhusu tukio la kweli la Sonezaki, ziliwashika watu mpaka serikali ikaja kuzipiga marufuku miaka ishirini hivi baadaye.

## Kamera ilipoingia

Filamu za Kijapani zilianza lini kuchukua kutoka kwenye maigizo?

Siku ya kwanza, tunaweza kusema. Filamu ya zamani kabisa ya Kijapani iliyobaki ni ya 1899, Shibata Tsunekichi anawapiga picha mastaa wawili wa Kabuki, Danjuro wa 9 na Kikugoro wa 5, wakicheza Momijigari. Walipiga nje, upepo ukampeperushia Danjuro upepeo wake wa mkononi, na ikabaki hivyo hivyo.

Benshi ni nani?

Msimulizi aliyesimama kando ya skrini enzi za filamu bubu, anasema maneno ya wahusika wote, anaeleza, anachombeza. Ukimjua DJ Afro wa Kenya au Lufufu wa Bongo au maVJ wa Uganda, ni jamaa wa aina hiyo, ila benshi alikuwa laivu kila onyesho na kulikuwa na watu wanaochagua sinema kwa jina la benshi, sio la mwigizaji. Na asili yake iko wazi ukishasoma jibu la vikaragosi hapo juu, mwili huku, sauti pembeni, Wajapani walishazoea.

Athari yake kwa picha ni kwamba dairekta hakulazimika kukatakata sana ili stori ieleweke, kuna mtu anaieleza, hivyo shoti zingeweza kuwa ndefu na kamera ikae mbali. Sauti ilipoingia miaka ya 1930 kazi ikafa. Kaka yake dairekta Kurosawa Akira, Heigo, alikuwa benshi, alijiua 1933.

Ile filamu ya Kurosawa ya Macbeth, Noh iko wapi humo? Mimi naona samurai tu

Inaitwa Kumonosu-jo, 1957, na ni Macbeth ya Shakespeare (ile ambayo S. S. Mushi aliitafsiri kwa Kiswahili) imehamishiwa vita vya Japani. Muangalie mke, Asaji, ameigizwa na Yamada Isuzu. Amekaa sakafuni, hasogei, uso mweupe, nyusi zimepandishwa juu kwenye paji, anaongea mauaji kwa sauti ya chini bila kupepesa. Kurosawa aliwapa waigizaji wake picha za vinyago vya Noh wavisome, huyu alipewa cha mwanamke, kinachoitwa Shakumi. Mume, Mifune Toshiro, ndiye anayehema na kutoa macho na kuzunguka chumba, na hapo ndipo unaona nani anamwendesha nani.

Sasa angalia anapokwenda kuchukua pombe ya kuwalewesha walinzi. Anainuka, anatembea kwa nyayo za kuburuza mpaka kwenye mlango wa chumba chenye giza, anaingia, giza linammeza kabisa, kamera haimfuati. Kinachosikika ni hariri ya kimono chake tu, swii, swii. Anatoka kwenye giza lile lile, mtungi mikononi, uso haujabadilika hata kidogo. Hakuna muziki wa kukwambia uogope, na mimi sijaona tukio la kuogofya zaidi kwenye Macbeth yoyote.

Mauaji yenyewe hayaonyeshwi. Mume anatoka, tunabaki naye Asaji chumbani, filimbi na ngoma za Noh zinaingia, anageuka haraka haraka mbele ya ukuta wenye doa la damu ya zamani, ni kama ngoma fupi, kisha mume anarudi na mkuki umemgandia mikononi na inabidi Asaji amfungue vidole.

Kwa nini kamera inakaa mbali hasa pale mtu anapoumia? Si ndiyo muda wa klozapu?

Kwa mazoea ya Hollywood ndiyo. Kwenye filamu hiyo ya Kurosawa klozapu ni chache, hisia ikipanda mara nyingi unaona mwili mzima na nafasi inayouzunguka, kwa sababu ile ile ya mwigizaji wa Noh, mgongo na goti na umbali wa mtu na mtu vinasema.

Bingwa wa hilo ni Mizoguchi Kenji. Kwenye Ugetsu ya 1953 (kama hujaiona ruka aya hii) mfinyanzi anarudi nyumbani usiku baada ya kupotelea kwa mwanamke ambaye kumbe ni mzuka. Anaingia, nyumba tupu, jiko limezimika, anamwita mkewe, anatokea mlango wa nyuma kuzunguka nje, kamera inabaki ndani inamfuata kupitia madirishani, inarudi taratibu kwenye kile chumba kilichokuwa kitupu, na mke amekaa pale moto unawaka, kumbe alishakufa. Shoti ni moja, haijakatwa. Ungekata, mtazamaji angejua ni ujanja wa kuediti. Kwa kuwa hujakata, mfu anaingia nyumbani kwa mlango ule ule wa kawaida, na hiyo ni Noh mtupu, aliyekufa anakuja kukaa na wewe kidogo.

Ozu je? Kwake hakuna mizuka wala vinyago

Hakuna, ni familia za kawaida wanakunywa chai. Kamera iko chini sana, chini hata ya jicho la mtu aliyekaa kwenye mkeka, lenzi ni ya milimita 50 karibu muda wote, na katikati ya matukio anaweka picha za nguo zilizoanikwa, korido, bomba la moshi, mtu hayupo.

Ila kwenye Banshun ya 1949 ameweka Noh yenyewe. Binti, Hara Setsuko, amekaa na baba yake ukumbini. Baba anamwinamia kwa salamu mama mmoja mjane upande wa pili. Binti anatabasamu, anamwinamia naye. Kisha anamtazama tena yule mama, anamtazama baba, na kichwa chake kinaanza kushuka, polepole, mpaka kimeinama chote, na jukwaani wanaendelea kuimba bila kujali. Hakuna anayesema neno. Rudi kwenye jibu la kinyago kule juu, terasu na kumorasu, uso wa binti umefanya kilekile na yeye hakuvaa kitu.

Shinoda aliwatumiaje wale watu weusi?

Shinjuu Ten no Amijima, 1969, stori ya Chikamatsu, wapenzi wanaojiua. Inaanza nyuma ya pazia na vikaragosi vya Bunraku vinaandaliwa, kisha wanaingia waigizaji wa kweli lakini kuroko wanabaki, wanasukuma kuta, wanampa mtu barua, na mwishoni wanamsaidia mwanaume kujinyonga. Hapo unaelewa kwamba wale wasioonekana ndio wanaoendesha. Na kahaba na mke wa ndoa wameigizwa na mwanamke mmoja, Iwashita Shima, basi yule anayemkimbia na yule anayemkimbilia wana uso mmoja.

## Maswali ya pembeni

Kwa hiyo kila filamu ya Kijapani yenye ukimya ni Noh?

Hapana, na hii tabia inachosha. Ukimya mwingine ni ukimya tu, na Ozu huyo huyo alikuwa mpenzi mkubwa wa sinema za Marekani. Kabla hujasema Noh tafuta kitu cha kushika: mwendo, uso uliotulizwa makusudi, ngoma na filimbi, mfu anayerudi. Kama huna hata kimoja acha.

Kuna mtu nje ya Japani aliyechukua?

Wengi, ila wa kutaja ni Eisenstein, dairekta wa Kisovieti. Kundi la Kabuki la Ichikawa Sadanji wa 2 lilikwenda Moscow na Leningrad 1928, akaliona, akaandika kwamba pale sauti, mwendo na nafasi havisindikizani bali kila kimoja kina uzito sawa, na akahusisha na mawazo yake ya kuunganisha picha. Inachekesha kidogo kwamba jamaa wa kukatakata picha alijifunza mahali ambapo wengine walijifunza kutokata.

Vipi anime?

Siku hizi safari ni ya kurudi pia. One Piece imechezwa kama Kabuki Tokyo 2015, Naruto ikafuata 2018. Ukishaijua mie, yale mapozi ya kabla ya pigo hutayaangalia kama zamani.

Nianze na ipi kama sijawahi kuona chochote?

Filamu, anza na Kumonosu-jo, ina vita na mishale (ile ya mwisho inayomzunguka Mifune ilirushwa na wapiga mishale wa kweli) hivyo haitakuchosha. Kisha Banshun. Ya Shinoda iache mpaka umeangalia hata nusu saa ya Bunraku kwenye video, bila hivyo kuroko watakuchanganya tu.

Nikifika Japani lazima nikae saa nne nzima ukumbini?

Sio lazima. Kabuki-za, ule ukumbi wa Ginza Tokyo ambao jengo la sasa lilifunguliwa 2013, wanauza tiketi za tendo moja, viti vya juu huko nyuma, bei ndogo kuliko ya siku nzima. Na ndiko wanakokaa wale wa kupayuka majina.